Shimo Halitoi Ruhusa

Kila Jumamosi ya majira ya baridi, katika milima ya magharibi mwa Kanada, hufanyika ibada ambayo nimechoka kuinyamazia. Kikundi cha vijana, wengi wao wanafunzi wa chuo, kimepanda kwa skii saa tatu nzima hadi chini ya mteremko mweupe ambao haujaguswa na mtu. Wanasimama. Mmoja anatoa koleo kwenye begi na kuchimba shimo lenye kina cha mita moja na zaidi. Kwenye ukuta wa shimo anachonga nguzo ya theluji, analaza koleo juu ya nguzo, kisha anaanza kuligonga: mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono, mara 10 kwa nguvu ya kiwiko, mara 10 kwa nguvu ya bega. Wenzake wanahesabu kwa sauti. Hesabu ikifika 30 nguzo haijakatika, nyuso zinang'aa, mtu anapiga picha, shimo linafukiwa, na wote wanapanda mteremko.

Shimo lile, kwa namna vikundi kama chetu vinavyolitumia, ni ramli yenye koleo. Watu wameshaamua kupanda tangu Jumatano. Wameendesha gari gizani, wameamka saa kumi alfajiri, wametoka jasho kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Kilichobaki ni kumtafuta wa kuwaambia ndiyo, na theluji, kwa kuwa haina mdomo, inasemewa na walio na hamu.

Mimi ni Mtanzania, nasoma mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika takwimu za afya, kwenye mji mmoja wa Alberta. Nimekulia Muheza. Theluji ya kwanza niliiona nikiwa na miaka 24, na msimu uliofuata nilijiunga na klabu ya skii ya wanafunzi, ambayo jina lake sitalitaja kwa sababu kuna klabu nyingi mfano wake, na kwa sababu watu wake ni rafiki zangu. Nimefanya kozi, nina vifaa, naupenda mchezo huu kuliko nilivyotarajia. Siandiki kumtisha mtu asiende milimani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukanyaga theluji, maelezo kidogo. Kwenye viwanja vya skii kuna lifti ya kukupandisha, na alfajiri kabla hujafika kuna watu wamelipua baruti kuangusha theluji iliyo tayari kuanguka. Sisi tunakwenda nje ya viwanja hivyo. Chini ya skii tunabandika utepe wenye manyoya mafupi, ambao unateleza kwenda mbele na kukwama ukirudi nyuma, tunapanda kwa miguu yetu wenyewe, juu tunaubandua, tunashuka. Hakuna aliyelipua chochote kwa ajili yetu. Ukitaka kujua kama mlima utashuka na wewe, ni kazi yako.

Na mlima una sababu zake. Theluji hujipanga tabaka kwa tabaka, kila dhoruba na lake. Mvua ikinyesha juu ya theluji kisha baridi ikarudi, linabaki ganda gumu, ukoko hasa, kama ule wa chini ya sufuria ya wali. Baridi kali ikidumu juu ya theluji nyembamba, chembe za chini hugeuka punje kubwa zisizoshikana. Ukizichota zinamwagika mkononi kama sukari, na wenyeji wanaiita hivyo hivyo, theluji ya sukari. Usiku mtulivu usio na mawingu huotesha manyoya ya barafu juu ya theluji, mazuri ajabu, na dhoruba inayofuata ikiyafunika yanakuwa mtego unaoweza kudumu wiki kadhaa. Juu ya mtego huo upepo na theluji mpya hujenga bamba. Bamba likiwa limeshikamana, tabaka la chini yake likiwa dhaifu, na mteremko ukiwa na nyuzi 30 au zaidi, kinachosubiriwa ni uzito mdogo tu. Uzito huo huwa ni wewe. Katika ajali za watu waliokwenda milimani kujifurahisha, mara tisa hivi kati ya kumi poromoko huanzishwa na aliyenaswa mwenyewe au mwenzake wa msafara.

Shimo linachimbwa kulitafuta tabaka hilo dhaifu. Lengo ni zuri. Lakini pima vipimo vyenyewe: nguzo ya jaribio la kawaida ina upana wa sentimita 30 kwa 30, na ile ndefu iliyobuniwa baadaye ni 30 kwa 90. Mteremko tunaoulizia habari zake una ukubwa wa viwanja kadhaa vya mpira. Chini yake kuna mawe, vichaka, mifereji. Upepo umekomba hapa na kurundika pale. Upande wa kivuli una sukari na upande wa jua hauna. Mita tano kushoto bamba linaweza kuwa jembamba kiasi kwamba uzito wa mtu mmoja unalifikia tabaka la chini, wakati uliposimama wewe bamba ni nene na linakubeba bila kulalamika. Kuna jambo jingine ambalo kozini halisemwi kwa sauti ya kutosha. Shimo huchimbwa mahali palipo salama kuchimba, pembeni au chini. Ukitaka kupima pale hasa penye mtego, sharti ukasimame juu ya mtego.

Kwa hiyo majibu mawili ya kipimo hiki hayana uzito sawa. Nguzo ikikatika kwenye pigo la nane na kipande cha juu kikateleza kwa wepesi kama droo ya kabati, hiyo ni habari. Iamini, geuza skii, nenda nyumbani. Nguzo isipokatika, umejifunza kwamba nguzo hii, mahali hapa, saa hii, haikukatika. Watu wanaichukua habari hiyo ndogo na kuitandaza juu ya mteremko mzima kama shuka.

Mama yangu ni muuguzi wa zahanati, zaidi ya miaka 20 sasa. Nilimweleza ibada hii kwa simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mnachimba shimo kuuliza mlima kama mtakufa? Na mlima ukinyamaza mnasema umejibu hapana?" Nikajaribu kumweleza kuwa ni kipimo, kama vipimo vya haraka vya malaria anavyotumia kila siku. Hapo ndipo aliponishika. "Mwanangu, kipimo kikionyesha mtoto hana malaria na homa bado ipo, simwambii mama yake nenda kalale. Namwambia homa isiposhuka, mrudishe kesho asubuhi." Kisha akahamia kwenye mambo ya ada ya mdogo wangu, lakini mimi nilibaki pale pale. Kipimo cha zahanati kina kesho asubuhi. Kimejengewa mfumo wa kurudi, kwa sababu wote wanajua kinaweza kukosea. Jaribio la nguzo tumelichukua kama kipimo halafu tukaufuta mlango wa kurudi.

Nifanye hesabu, ndiyo kazi ninayosomea. Namba hizi ni za kubuni, nazitumia kuonyesha njia tu. Tuseme tunasimama chini ya miteremko 1,000 ya aina tunayoipenda, na 50 kati yake ingekatika chini yetu. Tuseme kipimo chetu ni kizuri: kinanasa tisa kati ya kila kumi iliyo mibaya, na katika iliyo mizuri kinakataa miwili kati ya kumi kwa tahadhari. Mibaya 45 itanaswa, mitano itapita. Mizuri 760 itapita. Basi katika miteremko 765 tuliyoruhusiwa kupanda, mitano ni mauti. Mmoja kati ya 153. Inasikika vizuri, sivyo? Sasa fanya hivyo mara 15 kwa msimu, misimu kumi. Uwezekano wa kukutana na angalau mmoja kati ya ile mibaya unazidi asilimia 60. Na hiyo ni kwa kipimo kinachofanywa vizuri, na watu wasioghushi hesabu kwa sababu vidole vinaganda.

Kibaya zaidi ni kinachotokea katika zile mara nyingine zote. Unapanda, unashuka, unafurahi, unanunua chipsi kwenye kituo cha mafuta njiani. Kila mara mlima unakuambia kwamba njia yako ni sahihi. Mlima ni mwalimu mbovu kupita kiasi, anampa alama 100 aliyekosea na aliyepatia, kisha siku moja anafunga shule. Ndiyo maana neno "uzoefu" katika mchezo huu linanitia mashaka. Ian McCammon, Mmarekani aliyechambua ajali 715 za maporomoko zilizowapata watu kwenye starehe Marekani kati ya mwaka 1972 na 2003, alikuta kwamba katika nyingi dalili za hatari zilikuwa wazi. Watu hawakuzikosa kwa ujinga. Walikuwa mahali wanapopajua, wanamfuata wanayemwamini, wamebana meno wasiiache safari waliyoipanga, wanawaona wengine wameshapita. Hayo yote yanakuja na wewe hadi kwenye shimo, na yanahesabu mapigo pamoja nawe.

Nigusie pia namba 3, kwa sababu klabu yetu imeigeuza kuwa taa ya njano. Taarifa ya hatari ya maporomoko hutolewa kila siku ya msimu kwa ngazi tano, 1 hadi 5. Tatu iko katikati, na anayezoea mitihani anaiona kama wastani, alama C. Lakini maana yake rasmi Kanada ni kwamba maporomoko ya yenyewe yanawezekana, na ya kusababishwa na mtu yana uwezekano mkubwa kutokea. Yana uwezekano mkubwa! Hakuna mtu angepanda basi la Arusha lililobandikwa maneno hayo. Uswisi, ambako hesabu hizi zimetunzwa vizuri kwa miongo mingi, karibu nusu ya vifo hutokea siku za ngazi ya 3. Siku za 5 watu wanabaki ndani. Siku za 3 wanabeba koleo na kwenda kuuliza shimo.

Sasa twende Rogers Pass, maana hapo sihitaji namba za kubuni.

Ni njia ya kupita kati ya milima ya Selkirk, jimbo la British Columbia, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Glacier, saa chache kwa gari kutoka ninapokaa. Reli ya kuvuka Kanada ilipita hapo juu. Usiku wa tarehe 4 Machi 1910, wafanyakazi wa reli walikuwa wakiondoa theluji iliyoletwa na poromoko la kwanza, mara likashuka la pili kutoka mlima wa upande wa pili. Watu 58 walikufa, 32 kati yao Wajapani waliokuja kutafuta kibarua. Jibu la kampuni ya reli linapaswa kufundishwa katika kila kozi ya theluji. Haikuajiri watu wa kuigonga theluji na kuuliza hali yake. Ilitoboa mlima. Handaki la Connaught, lenye urefu wa kilomita nane hivi, lilifunguliwa mwaka 1916, na treni zikaacha kupita chini ya ile miteremko. Barabara kuu ilipokuja kujengwa hapo mwaka 1962 ilibidi ipite juu, na mpaka leo jeshi huleta mizinga kuipiga miteremko ili iporomoke kwa wakati uliopangwa, barabara ikiwa imefungwa. Handaki, mizinga, kufunga njia. Watu wenye dhamana kubwa kabisa mahali pale hawajawahi kuweka maisha ya abiria juu ya nguzo ya sentimita 30.

Kisha ukaja msimu wa 2002 na 2003, uliomaliza watu 29 nchini Kanada. Mvua ya Novemba iliacha ukoko, na juu na chini ya ukoko theluji ikaoza. Tarehe 20 Januari 2003, si mbali na mji wa Revelstoke, watu saba walikufa kwenye mteremko unaoitwa La Traviata, mmoja wao Craig Kelly, nyota wa ubao wa theluji duniani. Msafara uliongozwa na mmoja wa waongozaji wenye uzoefu mkubwa nchini, na lile tabaka la Novemba lilikuwa likijulikana na kufuatiliwa tangu mwanzo wa msimu. Maarifa yalikuwepo. Mashimo yalikuwepo.

Siku 12 baadaye, tarehe 1 Februari, kikundi cha wanafunzi 14 wa sekondari na watu wazima watatu kilikuwa kikipanda bonde la Connaught Creek, Rogers Pass, katika safari ya shule. Taarifa ya siku ile ilisema ngazi ya 3 huko juu, ngazi ya 2 chini ya mstari wa miti. Walikuwa na vifaa vya kutafutana, fito na makoleo. Walitembea wakiwa wameachiana nafasi, kama kitabu kinavyoagiza. Poromoko lilianzia juu kabisa, kwenye uso wa Mlima Cheops, bila mtu yeyote kulikanyaga, likashuka hadi bondeni walipokuwa. Watu wawili wazoefu waliokuwa wamewapita muda mfupi kabla waligeuka kusaidia kufukua. Wanafunzi saba hawakupona. Walikuwa na umri wa mdogo wangu.

Niambie, ni shimo gani lingechimbwa, wapi, na nani, likawaambia watoto wale kitu? Wangeweza kuchimba bondeni kumi na kupata majibu mazuri kumi. Swali lililopaswa kuulizwa halikuwa "theluji hii ni imara?" Lilikuwa "juu yetu kuna nini?" Na hilo linajibiwa na ramani, mezani, siku mbili kabla.

Kanada ilijiuliza hivyo baada ya msiba. Mwaka 2004 mamlaka ya hifadhi za taifa ilitoa mfumo wa kuzipanga njia za milimani katika madaraja matatu: rahisi, zenye changamoto, na tata. Mfumo huo hauulizi theluji ya leo ikoje. Unauliza mteremko una nyuzi ngapi, juu yake kuna nini, kikishuka kitakupeleka wapi: kwenye uwanda, kwenye korongo, kwenye miti ya kukuvunja mgongo. Safari za shule zilizuiwa kuingia zinakotaka bila sharti kali. Baada ya vifo vya watoto saba, kilichobadilishwa ni mahali ambapo watu wanaruhusiwa kusimama. Sijui kwa nini somo hilo, lililonunuliwa kwa bei ile, linaishia kwenye safari za shule, halafu mtu akitimiza miaka 19 na kujiunga na klabu ya chuo anakabidhiwa koleo na kuambiwa apige kura.

Maana sisi tunapiga kura. Kanuni ya klabu yetu inasema kila msafara uchimbe shimo, kisha wote waonyeshe mikono. Februari iliyopita tulikuwa watano chini ya mteremko ambao kipimajoto cha mwinuko kwenye simu (tunakiita hivyo kwa utani, ni programu ya kupima nyuzi) kilisoma 36. Taarifa ilikuwa ngazi ya 3, na ilitaja kwa jina tabaka dhaifu la upande huo huo wa mlima. Nguzo haikukatika. Mikono minne ikapanda. Nikasema mimi sipandi. Mmoja akaniambia kwa upole kabisa, na upole wenyewe ndio uliouma, kwamba ananielewa, sikukulia kwenye theluji. Wakaniacha kwenye miti. Wakapanda, wakashuka kwa kelele za furaha, hakuna kilichotokea. Tangu siku hiyo kukataa kwangu ni kichekesho cha kwenye gari.

Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huku mgeni anakaribishwa vizuri sana, mradi aje kujifunza. Na kweli wanajua vitu nisivyovijua: wanasikia upepo umegeuka kabla mimi sijafunga zipu. Lakini hoja yangu haikuhusu theluji. Ilihusu kipimo, na vipimo nimekulia navyo.

Kuna jibu ninalopewa mara nyingi: sisi ni watu wazima, kila mtu na hatari yake. Sawa, kama ungekuwa unakwenda peke yako. Ukifunikwa, hakuna helikopta itakayokuwahi. Utafiti wa Uswisi unaonyesha kwamba waliofunikwa wakifukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza, tisa kati ya kumi wanaishi. Ikifika nusu saa ni kama theluthi moja tu. Kwa hiyo uhai wako uko mikononi mwa aliye karibu, na theluji iliyoporomoka ikitulia inashika kama zege. Siku ile ningekuwa mimi, niliyeachwa kwenye miti, ningeingia kwenye mabaki nikiwa na kifaa kinacholia, fito na koleo, kutafuta watu wanne. Wanne! Kwa mikono miwili na dakika 10. Nani wa kwanza? Walipoonyesha mikono walinipigia na mimi kura, na sikuwa nimeombwa.

Jibu jingine lina akili zaidi: shimo linafundisha. Nakubali, na nitaendelea kuchimba. Anayechimba mara 40 kwa msimu, sehemu tofauti, bila kuwa na mteremko anaotaka kuupanda siku hiyo, anaanza kuisoma theluji kama kitabu, na watabiri wa hatari wanafanya hivyo hivyo, wakiunganisha mashimo na hali ya hewa na maporomoko yaliyoonekana. Wanachotafuta ni picha ya milima mizima. Hawachimbi shimo moja saa nne asubuhi ili saa tano wapande.

La tatu ni la starehe, nami nalichukulia kwa uzito maana starehe ndiyo iliyotupeleka kule. Wanasema chini ya nyuzi 30 hakuna raha. Si kweli. Theluji mpya ya magotini kwenye nyuzi 25, msituni, inatosha kumfanya mtu mzima acheke peke yake kama aliyepewa pipi. Nimeshuka hapo mara nyingi. Kinachokosekana kwenye nyuzi 25 ni picha ya kutuma kwa watu. Na nyuzi 25 zenye mteremko wa nyuzi 40 juu yake hazihesabiki, waliokufa Connaught Creek walikuwa chini bondeni.

Anayetaka mteremko wa nyuzi 36 siku ya ngazi ya 3 ana haki ya kuutaka. Aseme tu kwamba anacheza kamari, na awaambie wenzake waliobeba makoleo kwa jina hilo, ili wachague kumfuata au kubaki kwenye gari. Ninachokataa ni kamari kuvikwa koti jeupe la maabara.

Nimeandika pendekezo la kubadili kanuni ya klabu. Ni fupi. Njia ya safari ichaguliwe usiku wa kuamkia safari, kwa ramani inayoonyesha nyuzi za miteremko na kilicho juu yake, kwa kulinganisha na taarifa ya hatari, na iandikwe. Mlimani tunaruhusiwa kubadili kwenda kwenye njia nyepesi zaidi, kwa neno la mtu mmoja tu, bila kura na bila maelezo. Kwenda kwenye njia nzito zaidi hairuhusiwi, hata nguzo ikigongwa mara 100. Mashimo yaendelee kuchimbwa na matokeo yaandikwe daftarini.

Mwenyekiti wa klabu anapinga. Ndiye aliyenifundisha kutumia kifaa cha kutafutia, kwenye uwanja wa nyuma ya bweni, jioni tatu mfululizo kwenye baridi, na ni mtu ninayempenda. Anasema watu watahama klabu na kwenda wenyewe, bila sisi na bila kozi, na huenda ana haki kwa wachache. Kikao ni Oktoba, kabla theluji haijaanza. Katiba inataka sahihi 20 pendekezo lisomwe. Mpaka leo ninazo 11, na mbili kati ya hizo ni za watu waliopandisha mikono ile Februari.